Vyombo vya Angani vya Sinema: Kipi Kikubwa?

Mkaaji wa pwani hahitaji kufundishwa kwamba macho hudanganya. Jahazi lililo mbali baharini huonekana dogo kama kifuu, na mtumbwi ulio karibu ukaonekana mkubwa kulishinda. Lakini yeye hababaiki, kwa kuwa jahazi analijua na mtumbwi anaujua.

Je, vyombo vya angani vya sinema, ambavyo hakuna aliyepata kuvipanda, vitapimwaje?

Swali hili limewashughulisha wapenzi wa sinema hizo kwa miaka mingi, hasa tangu 1977 ilipotoka sinema ya Kimarekani iitwayo Star Wars. Mwanzoni mwake chombo kidogo kinapita mbio, na nyuma yake kinafuata cha adui, kinapita juu ya vichwa vya watazamaji wala hakiishi kupita. Watu walitoka wakiamini wameona dude la ajabu.

La kustaajabisha ni kwamba sanamu ya dude hilo ilikuwa na urefu wa futi 3 tu, hali sanamu ya kile chombo kidogo ilizidi futi 6! Mafundi waliisogeza kamera karibu mno na sanamu, na mwili wake walikuwa wameujaza vipande vidogo vidogo visivyo na idadi. Jicho likatekwa.

Siri ni kwamba jicho halipimi, hulinganisha. Likiona dirisha, mlango au mtu, hapo hapo hupata kipimo. Chombo kiitwacho Enterprise, cha mchezo wa televisheni wa Star Trek ulioanza 1966, kilikuwa sanamu ya futi 11 hivi. Kwa madirisha yake madogo, watazamaji walikubali kwamba ni chombo cha futi 947.

Mzozo mkubwa ulizuka juu ya Executor, chombo cha sinema ya 1980, The Empire Strikes Back. Maelezo ya mwanzo yaliyochapishwa yalisema urefu wake ni kilomita 8, yaani mara tano ya vile vya kilomita 1.6 vinavyofuatana nacho. Watazamaji wakakataa. Walichukua picha, wakautazama mnara wa nahodha, ambao umbo lake ni moja kwa vyombo vyote hivyo, wakahesabu unaingia mara ngapi katika urefu wa kila kimoja. Walipata zaidi ya mara kumi, si tano. Baadaye wachapishaji walibadili, wakaandika kilomita 19.

Hata hivyo, hesabu hiyo imesimama juu ya sharti moja: kwamba minara hiyo ni sawa. Sharti likianguka, hesabu nayo huanguka. Kwa hiyo anayedai chombo fulani ndicho kikubwa, kwanza aulizwe amekilinganisha na nini, na je, vilikuwa masafa mamoja?

Mwenye macho haambiwi tazama. Lakini kupima, huambiwa.