MASHINE KUUKUU ZA VUMBI ZANGURUMA TENA NCHIRU

Kila mtu na lake limpendezalo. Wako wanaokusanya stempu, wako wanaofuga njiwa, na kwetu pwani wako wazee wasiolala mpaka santuri yao ya zamani iwaimbie. Mimi, msomaji mpenzi, nakusanya mashine za kufyonza vumbi. Si zile mpya za madukani, bali kuukuu, ambazo wenyewe wamekwisha kuzitupa. Nazifungua, nazisafisha, nazitengeneza mpaka zingurume tena.

Ninazo kumi na moja, zimepangwa katika chumba kimoja hapa Nchiru, kando ya barabara itokayo Meru kwenda Maua. Mgeni akiziona mara ya kwanza hucheka. Akikaa nusu saa huanza kuuliza maswali, na wakati wa kuaga mara nyingi huwa amekumbuka kitu fulani kilicholala darini kwao.

VUMBI LA BARA

Mtu wa Mombasa au Lamu atauliza, na ana haki ya kuuliza: mashine hiyo ya nini? Kwetu sakafu ni ya chokaa au saruji, tandiko ni mkeka au busati, na ufagio wa chelewa watosha. Mkeka ukiingia mchanga hukung'utwa nje, basi. Lakini zulia zito halina hila hiyo. Vumbi hujificha katika manyoya yake, na ufagio huliinua tu hewani, likazunguka chumba, kisha likarudi pale pale. Ila lile lililokwisha kuingia vifuani mwa watu.

Nilihamia Nchiru kwa ajili ya kazi, miaka michache baada ya chuo kikuu cha hapa kupata hati yake mwaka 2013. Nilikuja na mazulia mawili ya urithi na mtoto mwenye pumu. Ufikapo mwezi wa nane, mvua zikiwa zimekatika siku nyingi, udongo mwekundu wa huku huwa laini kama unga. Gari likipita, nyumba nzima hubadilika rangi. Mtoto alikuwa akikesha ameketi, hawezi kulala chali.

Mashine mpya ilikuwa ghali kwa mfuko wangu. Nikapata kuukuu kwenye mnada wa vyombo vya nyumba huko Nanyuki: Hoover Junior, ile ya kusimama wima, mfuko wake umeliwa na panya. Nilikwenda kutafuta dawa ya zulia, nikarudi na maradhi ya kukusanya.

MFAGIZI MWENYE PUMU

Asili ya chombo hiki ni kisa kizuri. Huko Uingereza, mwaka 1901, mhandisi Hubert Cecil Booth alitazama mashine iliyokuwa ikipuliza vumbi kwa nguvu ya hewa. Akaona ni kazi bure, maana vumbi lilihama tu. Husimuliwa kwamba alitandika kitambaa juu ya kiti, akaweka mdomo, akavuta. Alipaliwa vibaya, lakini kitambaa kilikuwa kimenasa uchafu. Mashine aliyoiunda baadaye ilikuwa kubwa mno, ikikokotwa na farasi, nayo ilisimama njiani huku mipira yake mirefu ikipitishwa madirishani. Mwaka 1902 ilisafisha mazulia ya kanisa la Westminster Abbey kabla ya kutawazwa kwa Mfalme Edward wa Saba.

Lakini anigusaye zaidi ni James Murray Spangler, mfagizi wa duka kubwa katika mji wa Canton, jimbo la Ohio, Marekani. Naye alikuwa na pumu, na ufagio uliompa riziki ndio uliokuwa ukimmaliza. Mwaka 1907 akaunganisha mota ya feni, sanduku, mpini wa ufagio na foronya ya mto. Mwaka 1908 akapata hati ya uvumbuzi. Mtaji hakuwa nao, akamwuzia haki William Hoover, mtengenezaji wa vifaa vya ngozi vya farasi, ambaye aliona magari yanakuja kumnyang'anya soko. Jina la Hoover likaenea duniani. Spangler alifariki mwaka 1915, na leo ni wachache wamjuao.

Kampuni ya Sweden, Electrolux, nayo ikatoa mwaka 1921 mashine ya kulala chini juu ya reli mbili za chuma, kama sleji, ivutwe nyuma ya mtumiaji. Na katika miaka ya 1950 Hoover walitoa Constellation, duara kama mpira, ambayo baadaye ilifanywa ielee juu ya hewa inayotoka tumboni mwake yenyewe. Ninayo moja. Watoto wa jirani hawaichoki.

PUMZI YA MASHINE

Watu husema mashine hii huvuta. Kwa kweli feni huitoa hewa iliyomo ndani, pakawa na upungufu, na hewa ya nje ndiyo ijisukumayo kuingia, ikibeba vumbi. Mfuko wa kitambaa huipisha hewa na kulizuia vumbi. Siri ni hiyo tu. Kwa hiyo mpira wenye ufa, au mfuko uliojaa, huondoa nguvu yote hata kama mota ni nzima. Nyingi katika zile nilizoletewa kuwa zimekufa, zilikuwa zimezibwa pumzi tu.

Kazi yangu huanza na waya. Waya za kale zilivikwa raba ambayo hukauka na kupasuka. Hizo nazing'oa zote kabla plagi haijakaribia ukuta. Kisha nasoma kibati cha kiwandani. Mashine ya Marekani ya volti 110, ukiichomeka katika umeme wetu wa 240 bila transfoma, umeipika. Halafu natazama brashi za kaboni, vipande viwili vidogo vipelekavyo umeme kwenye sehemu ya mota izungukayo. Zikiisha, mota hutoa cheche, kisha hunyamaza. Mimi hununua za drili ya fundi, nikazipunguza kwa msasa mpaka zikae sawasawa. Beringi nazitafuta kwa wauza vipuri vya pikipiki, na mfuko hushonwa na fundi cherehani sokoni kwa kitambaa kizito, mshono mara mbili.

Tusidanganyane: katika kuchuja vumbi jembamba, mashine mpya zenye chujio nzuri zazishinda hizi za kale. Ndiyo maana natia mfuko wa karatasi ndani ya ule wa kitambaa, naumwaga nje, na mtoto hukaa mbali mpaka kazi iishe. Usiku sasa analala.

KILO AU KAZI?

Adui wa chombo cha kale ni mizani. Mnunuzi wa chuma chakavu haulizi chombo kilifanya nini, huuliza kina kilo ngapi. Mwaka 2022 serikali ilisimamisha biashara hiyo kwa miezi michache kwa sababu ya wizi wa nyaya na vyuma vya umeme. Ilipofunguliwa tena, mizani ikarudi kazini.

Na mpya je? Nilipeleka moja dukani, haina hata miaka mitatu. Nikaambiwa haifunguki, ninunue nyingine. Hakika haikuwa na skrubu hata moja ya kuonekana. Hoover yangu kuukuu kuliko mimi hufunguka kwa bisibisi moja. Wahenga walisema mtupa jongoo hutupa na mti wake. Hapa tumetupa mashine, na ufundi ukaenda nayo. Hata Ulaya wameliona hilo: mwaka 2024 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria ya haki ya kutengenezewa vyombo, na mashine za vumbi zimo ndani yake.

Sisi wa pwani hatukuhitaji kungoja Ulaya. Historia ya umeme wa Kenya, kama isimuliwavyo na shirika la umeme lenyewe, yaanzia kwenye chombo kilichokwisha kutumika: jenereta ya Sayyid Barghash wa Unguja, iliyonunuliwa kuangaza kasri yake. Mwaka 1908 ikachukuliwa na mfanyabiashara wa Mombasa, Harrali Esmailjee Jeevanjee, na kutokana nayo ikazaliwa kampuni ya umeme ya Mombasa. Lau mtu angeipima kwa kilo, tungesimulia nini?

Mbili katika mashine zangu sizihesabu tena kuwa zangu. Ziko katika msikiti mmoja huku Meru, zikisafisha zulia kila Alhamisi kabla ya Ijumaa. Mwadhini, mzee wa makamo ambaye zamani alikuwa akifagia huku amejifunga kilemba puani, sasa asukuma Electrolux kama dereva wa lori.

Basi, msomaji, kabla hujamwita mwenye mizani, panda darini. Ukikuta mashine yenye skrubu, usiichomeke ukutani. Ikague waya, fungua mfuko, zungusha feni kwa kidole. Ikizunguka, mtafute fundi, na umpeleke kijana wako akatazame inavyofunguliwa.