Telefone haione nyungu yako: namna ya kuomba akili bandia mupango wa chakula



Tangu programu ya ChatGPT ilipotolewa kwa watu wote, mwezi wa 11 mwaka 2022, vijana wetu wanaulizaka telefone kila kitu: kazi ya masomo, barua, dawa ya kuku. Sasa wamama wa vikundi nao wanauliza: ile akili bandia, wengine wanaiita IA kwa Kifaransa, inaweza kutusaidia kupanga chakula cha nyumba? Ndiyo, inaweza. Lakini inafaa wewe ndiwe uipe habari za nyumba yako, na kuna mambo matatu ambayo haifai kuyaamua.

SHIDA IKO WAPI?

Katika nyumba nyingi za walimaji, hapa Kindu na ku njia za Kailo na Pangi, mupunga, karanga na samaki mukubwa vinaenda soko. Nyumbani kunabaki bugali ya muhogo na sombe, muchana na jioni. Tumbo linajaa, lakini mutoto hakomae muzuri, na mama mwenye mimba anabaki bila nguvu.

FAO, shirika la Umoja wa Mataifa la chakula na kilimo, iko na hesabu nyepesi kwa wanawake wa miaka 15 mpaka 49. Inagawanya vyakula katika makundi 10:

1. Nafaka, mizizi na ndizi ya kupika
2. Maharagi, kunde, soja
3. Karanga na mbegu, kama za maboga
4. Maziwa
5. Nyama, kuku, samaki
6. Mayai
7. Majani ya kijani: sombe, lengalenga, matembele
8. Matunda na mboga zenye vitamini A: paipai lililoiva, embe lililoiva, kiazi kitamu cha rangi ya chungwa
9. Mboga zingine: tomati, biringanya
10. Matunda mengine: ndizi ya kuiva, avoka, nanasi

Kila siku atafute makundi 5 kwenda juu. Kitu kisichofika kijiko kimoja cha chakula hakihesabiwe.

Tuhesabu. Bugali ni kundi la 1, sombe ni kundi la 7. Hiyo ni makundi 2 tu, hata ukila mara tatu. Tia karanga za kutwanga ndani ya sombe: 3. Ongeza ndakala: 4. Kata paipai lililoiva: 5. Hatujaenda kununua kitu cha mbali. Kupanga chakula ni hesabu kama hiyo, na ni hapo telefone inaweza kusaidia.

MASHINI INAJUA NINI?

Akili bandia ilisomeshwa maandiko mengi sana, na sehemu kubwa yametoka Ulaya na Marekani. Ukiiuliza, inaunganisha neno kwa neno jibu linalofanana na yale iliyosoma. Haione nyungu yako, haijue bei ya soko ya leo, na ikikosa kujua inaweza kujibu kwa sauti ileile ya uhakika. Ukiandika tu «Nipe chakula kizuri cha juma moja», usishangae kuona mutindi, tufaa na mukate wa ngano.

Inajua kile ilichoonyeshwa. Tuangalie Nuru, programu ya PlantVillage ya chuo kikuu cha Penn State cha Marekani, iliyotengenezwa pamoja na watafiti wa IITA. Inatambua magonjwa ya muhogo kama mozaiki kwa kupiga jani picha, hata bila rezo. Inaweza hivyo kwa sababu ilisomeshwa kwa picha za muhogo wa mashamba ya Afrika ya Mashariki, na wataalamu ndio waliosema kila picha iko na ugonjwa gani. Kwa chakula cha nyumba yako, mutaalamu wa kuionyesha ni wewe.

VITU VITANO VYA KUIAMBIA

Kwanza, wanaokula: watu wangapi, umri gani, nani iko na mimba au ananyonyesha.
Pili, vyakula vilivyopo mwezi huu, shambani na sokoni. Wakati wa kiangazi si sawa na wakati wa mvua.
Tatu, pesa na bei. Andika bei uliyoona wewe mwenyewe.
Nne, namna ya kupika: makala au kuni, nyungu ngapi, hakuna frigo.
Tano, majina. Kiswahili ambacho mashini inajua zaidi ni kile cha Tanzania na Kenya. Sombe yetu kule wanaita kisamvu, lengalenga ni mchicha, ndakala ni dagaa. Weka majina mawili, haitapotea.

Mufano wa swali, mubadilishe kufuatana na nyumba yenu:

«Tuko Kindu, Kongo. Tuko watu 7: baba, mama ananyonyesha, bibi, watoto wa miaka 12, 8 na 4, na mutoto wa miezi 9. Tuko na unga wa muhogo, muchele, sombe (kisamvu), lengalenga (mchicha), karanga, kunde, mafuta ya mawese, paipai, ndizi. Tunaweza kununua ndakala (dagaa) na mayai kwa franka 5.000 kwa siku. Bei ni hizi: … Tunapika kwa makala, hatuna frigo wala maziwa. Tupangie chakula cha siku 7, mara mbili kwa siku na kitu kidogo cha asubuhi. Kila siku mama apate makundi 5 ya FAO. Usiweke kitu ambacho hakiko kwenye liste.»

Jibu la kwanza halitakuwa sawa kabisa. Rudisha neno: «Toa maziwa.» «Siku ya tatu pesa imepita.» «Chakula cha jioni ni kingi, hakuna frigo, kitaharibika.» Kisha hesabu mwenyewe makundi na franka, kwa sababu mashini inakosaka hesabu.

Telefone moja inatosha kwa kikundi kizima, na maandishi hayakule mega nyingi. Mukimaliza, andikeni mupango ku karatasi kubwa, ubaki ku ukuta hata telefone ikikosa moto. Na musiandike majina ya watu wala siri za ugonjwa wao.

MAMBO MATATU YASIYOACHIWA TELEFONE

Muhogo muchungu. Mupango unaweza kusema tu «unga wa muhogo» bila kusema ulitengenezwa namna gani. Muhogo muchungu uko na sumu ya sianidi. Menya, loweka katika maji siku 3 mpaka 4, kisha anika muzuri ku jua. Usifupishe siku juu ya haraka ya soko. Sombe nayo itwangwe muzuri na ichemshwe sana. Katika nchi yetu, ugonjwa wa konzo ulielezwa na daktari Trolli mwaka 1938 kule Kwango: miguu yote mbili inapooza ghafula, na haiponi tena. Unapata zaidi wamama na watoto wanaokula muhogo muchungu usiotengenezwa muzuri, bila samaki, nyama wala maharagi ya kutosha.

Karanga na mahindi yenye kuvu. Telefone itasema «ongeza karanga», lakini haizione. Kuvu inaweza kuleta sumu ya aflatoksini, na kupika hakuitoe. Kule Kenya, mwaka 2004, mahindi yenye sumu hiyo yaliua watu 125. Karanga yenye kuvu, iliyokunjamana au chungu, usile, usiuze, na usimupe kuku.

Mutoto mudogo na mugonjwa. Mutoto wa chini ya miezi 6 anyonye tu, hata maji bila. Mutoto anayevimba miguu au anayekonda, mama mwenye mimba anayeishiwa damu, mutu wa sukari: hao waende kituo cha afya. Hata kule Kenya, ambako Jacaranda Health ilitengeneza mwaka 2023 akili bandia ya Kiswahili inayoitwa UlizaLlama, mama anayeonyesha dalili ya hatari anapelekwa kwa watu, haachwe na mashini.

TOKA SAHANI MPAKA SHAMBA

Sasa kazi yetu ya kilimo. Mupango ukiisha, angalia makundi yanayokosa kila siku. Hayo ndiyo yanakuonyesha kitu cha kupanda. Kundi la 8 linakosa? Tafuta mbegu ya kiazi kitamu cha rangi ya chungwa, na panda mapaipai mawili matatu karibu na nyumba. Kundi la 2 linakosa? Panda kunde, mbegu zinaliwa, majani yanaliwa, na udongo unapata azoti. Mayai yanakosa? Kuku watano wenye chanjo wanaanza kusaidia.

Na mbele ya kuuza, tuongee sehemu ya nyumba. Mupango unaonyesha kilo ngapi za karanga na muchele familia inahitaji mpaka mavuno mengine. Kilo hizo zipimwe, zikaushwe na ziwekwe pembeni mbele gari ya munyunuzi ifike. Baba na mama wakubaliane pamoja, kwa sababu mara mingi mama ndiye anapika na baba ndiye anauza.

Kwa mukutano wenu unaokuja, kila memba alete liste ya vyakula vya shamba lake na bei tatu za soko. Fanyeni swali moja pamoja, na muhesabu jibu kwa vidole. Kama makundi 5 hayatimie, rudieni. Na kama yanatimia ku karatasi lakini karanga zote zimeshauzwa, mushida haiko katika telefone.