Keya na Bama: Habari za King's African Rifles Ng'ambo ya Bahari

Maneno mawili, Keya na Bama, yalisikika sana katika mazungumzo ya wazee waliorudi vitani baada ya mwaka 1945. La kwanza latokana na herufi K.A.R., yaani King's African Rifles. La pili ni jina la Burma, nchi ambayo leo huitwa Myanmar, kwa matamshi ya askari wetu. Mwalimu atakaye kuwaeleza wanafunzi maneno haya hana budi kueleza pia habari iliyoyaleta.

Rejimenti ya Keya iliundwa mwaka 1902 kwa kuunganishwa vikosi vya Afrika ya Kati, Afrika ya Mashariki na Uganda. Katika Vita Kuu ya Pili askari wake walipigana kwanza na Waitalia katika Uhabeshi, kisha wakavuka bahari kwenda Bukini mwaka 1942. Mwezi wa Februari 1943 ikaundwa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ambayo alama yake ilikuwa kichwa cha kifaru. Na sehemu kubwa ya askari wake wa miguu walikuwa watu wa Keya kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland.

Safari yenyewe ilikuwa ya hatari. Tarehe 12 Februari 1944 meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Ceylon, ilipigwa na nyambizi ya Wajapani karibu na visiwa vya Maldivi, ikazama kwa dakika chache. Walikufa watu zaidi ya 1,200, na wengi wao walikuwa wapiga mizinga wa Afrika Mashariki.

Katikati ya mwaka huo Wajapani walishindwa huko Imphal na Kohima, mpakani mwa Bara Hindi. Ndipo Divisheni ya 11 ilipoamriwa kuwafuata kwa njia ya bonde la Kabaw, bonde lenye malaria nyingi. Upepo wa kusi, ambao mabaharia wetu waujua, ndio uletao mvua kubwa katika nchi ile, na askari waliingia bondeni mvua zikinyesha. Njia ziligeuka matope, magari yakakwama, na vyakula vikaangushwa kwa ndege. Hata hivyo hawakurudi nyuma. Katikati ya Novemba walikutana na Wahindi wa Divisheni ya 5 huko Kalemyo, na mwanzo wa Desemba wakautwaa mji wa Kalewa, penye mto Chindwin. Hapo lilijengwa daraja la chuma la futi 1,154, na majeshi mengine yakapita juu yake kuendelea mbele.

Sasa tutazame lugha yao. Vikosi vya Nyasaland vilitumia Kinyanja, lakini katika vikosi vya Kenya, Uganda na Tanganyika Mluo, Mkamba, Mnyamwezi na Macholi walifahamiana kwa Kiswahili. Hakikuwa Kiswahili cha Unguja. Askari alisema “kitu yangu” mahali pa “kitu changu”, akachanganya maneno kama kombania, platuni na koplo. Wenye elimu walikicheka, wakakiita Kikeya. Lakini katika msitu ule mtu alimwonya mwenziwe kwa maneno hayo, na mwenziwe akaelewa mara moja, akapona. Lugha itimizayo kazi hiyo haistahili dharau, ijapokuwa si ya kuigwa darasani.

Huko Taukkyan, karibu na Rangoon, pana kumbukumbu yenye majina karibu 27,000 ya askari ambao makaburi yao hayajulikani, na miongoni mwao wamo watu wa Keya. Askari waliorudi nao wamekwisha karibu wote; wamebaki watoto na wajukuu, na pengine barua moja ndani ya sanduku. Basi mwalimu aiulize jamaa ya askari, aandike maneno kama yalivyosemwa, wala asiyasahihishe. Akiyasahihisha, atakuwa ameandika Kiswahili chake mwenyewe, na sauti ya askari itakuwa imepotea.