Unga, Fedheha na Bahari ya Mafia

Vijana wa kisiwa cha Mafia wanaovuka kutoka Kilindoni hadi Nyamisati, kisha wakashika njia ya Dar es Salaam kutafuta riziki, hukuta huko neema nyingi na mitego mingi, na katika mitego hiyo hapana uliopambwa kwa furaha kuliko unga, yaani heroini, ambayo kwa miongo kadhaa imekuwa ikiletwa katika mwambao wetu kwa majahazi kutoka pwani ya Makrani, upande wa Irani na Pakistani. Aghalabu mwanzo wake ni usiku wa ngoma, pale rafiki anapompa mwenziwe kokteli, msokoto wa bangi na tumbaku ulionyunyizwa unga, bila ya kumtoza hata senti.

Raha hiyo haidumu. Heroini, iliyoanza kuuzwa Ujerumani mwaka 1898 kuwa tiba ya kikohozi, ikifika ubongoni hugeuka mofini, ikaondoa maumivu na hofu, na papo hapo ikapunguza pumzi. Na mwili ukishaizoea hudai zaidi, hata mtumiaji asitafute tena furaha bali kuiepuka arosto tu: miayo, kamasi, jasho la baridi, tumbo kusokota na mifupa kuuma, saa chache baada ya kete ya mwisho. Na wanaofikia kujidunga kwa kuchangia sindano huambukizana virusi vya UKIMWI na homa ya ini. Na aliyeacha kwa muda, akarudia kipimo chake cha zamani, huweza kukata pumzi na kufa, kwa kuwa mwili umekwisha kupoteza ustahimilivu wake.

Hata hivyo tiba ipo. Tangu Februari 2011, Hospitali ya Muhimbili ilipoanza kutoa methadoni, dawa ya kuwatibu watumiaji wa heroini, waraibu huinywa kila siku mbele ya mhudumu wa afya, na dozi moja huwakinga na arosto mchana na usiku, wakapata utulivu wa kurejea kazini na kwa jamaa zao. Lakini mvuvi wa Jibondo, kisiwa kidogo cha Mafia, hawezi kuvuka bahari kila asubuhi kufuata kikombe cha methadoni Dar es Salaam, akarudi jioni kwenye nyavu zake.

Kwa hiyo tiba na isogezwe hadi visiwa vya Mafia, na sisi wazazi na majirani tuache kumfungia teja chumbani kwa kuogopa fedheha, kwani uraibu ni maradhi, na mgonjwa aliyefichwa hapati tabibu. Heshima ya ukoo haipungui kwa kumpeleka kijana hospitali. Hupungua kwa kumwacha aangamie ilhali dawa yake inajulikana.