Baiskeli za Nyumbani Nazo ni Mtaji: Zitunze Zisikukwamishe Siku ya Mzigo

Mara nyingi tunaongea mbegu, mbolea na viwavi. Leo tuongee kitu ambacho kipo karibu kila nyumba huku tambarare ya Same, ila hakuna anayekiwekea bajeti: baiskeli.

Ukipita Kisiwani, Maore, Ndungu na Kihurio, au ukienda upande wa Makanya na Hedaru, utakuta nyumba moja ina baiskeli nne, tano, hata sita. Moja inabeba mpunga na majani ya ng'ombe, moja ni ya maji, moja ya kijana wa shamba, moja mtoto anaendea shule. Sasa muulize mwenye nyumba, ngapi zinatembea leo? Utasikia: "Ile haina tyubu, ile cheni inaruka, ile nyingine tuliing'oa vipuri." Yaani una baiskeli sita lakini usafiri wa baiskeli mbili. Siku ya kutoa nyanya shambani unaanza kupiga simu za bodaboda, na bei anapanga yeye kwa sababu anajua umebanwa.

Ninachotaka ukishike leo ni hiki: baiskeli ya mzigo mara nyingi haifi kwa uzee. Inauawa na kitu kidogo cha bei ndogo ambacho hakikubadilishwa kwa wakati. Cheni iliyochoka inakula friwili. Koni iliyolegea inakula habu. Spoki moja iliyokatika inaondoka na rimu. Ukizuia kile kidogo, kile kikubwa kinabaki.

Kwanza: nyumba yote iende na saizi moja

Baiskeli zile nyeusi ndefu tunazozijua, Phoenix ya China, Hero, Atlas na Avon za India, zote zinafuata umbo lile lile la zamani la Uingereza. Wazee wanakumbuka pia Swala, iliyotengenezwa hapa hapa nchini, Dar es Salaam. Nyingi zinavaa tairi ya 28 x 1½. Maana yake tyubu ya moja inaingia kwenye nyingine, na spoki na raba za breki mara nyingi hivyo hivyo.

Tatizo linaanza ukichanganya. Unanunua moja ya 28, ya pili baiskeli ya gia ya mtumba yenye tairi ya 26, ya tatu ya mtoto. Kila moja inataka tyubu yake na vipuri vyake. Kama ndiyo unaanza kununua, chagua saizi moja ya kazi. Kama tayari umechanganya, basi za mzigo ziwe saizi moja, na ile ya gia iwe ya safari nyepesi.

Pili: sanduku moja, siku moja, mtu mmoja

Huhitaji karakana. Tafuta sanduku lenye vitu hivi: pampu, viraka na solusheni, kipande cha msasa, tyubu mbili mpya, vipira vya valvu, spoki sita, raba za breki seti mbili, gololi za mbele na za nyuma, kopo la grisi, oili safi, spana zinazoingia kwenye nati zako, spana ya spoki na kitambaa. Vitu hivi usivikopeshe bila kuandika. Pampu ikishatoka kwa jirani, unajua mwenyewe inarudi lini.

Kisha panga siku moja ya wiki, hata nusu saa tu jioni, na mtu mmoja anayewajibika. Kitu cha wote hakina mwenyewe. Kila wiki apige upepo, apake cheni oili, ajaribu breki na aangalie spoki. Kila baada ya miezi mitatu afungue cheni aioshe. Mara mbili kwa mwaka, kabla ya masika na kabla ya vuli, afungue habu na kuweka grisi mpya. Usisubiri mavuno ndiyo ufungue habu. Wakati huo kila baiskeli inahitajika barabarani.

Pancha na adui yetu mbigiri

Huku kwetu ukiacha mawe, adui mkubwa ni miiba: migunga pembeni mwa barabara, na mbigiri, yule anayetambaa chini na mbegu yenye pembe. Mbegu ya mbigiri hata ukiiangusha vipi, kuna mwiba unaoangalia juu.

Kabla hujaziba, soma tundu. Tyubu inaongea:

- Tundu moja upande wa nje, unaogusa tairi: ni mwiba. Tafuta mwiba kwenye tairi kabla hujarudisha tyubu. Pitisha kitambaa ndani ya tairi yote, kitanasa. Mbigiri haji peke yake, ukikuta mmoja tafuta wa pili.
- Matundu mawili yamekaa sambamba: ulipanda na upepo mdogo, rimu ikabana tyubu kwenye jiwe. Hapa dawa ni pampu, kiraka peke yake hakitoshi.
- Tundu upande wa ndani, unaogusa rimu: ni ncha ya spoki imejitokeza, au mkanda wa rimu umekatika. Piga tupa ncha ile, weka mkanda mpya. Hata kipande cha tyubu ya zamani kinafaa.
- Huoni tundu na upepo unaisha: weka mate kwenye valvu. Ikitoa mapovu, badilisha kipira cha valvu.

Kiraka kikibanduka mara nyingi kosa ni haraka. Sugua kwa msasa sehemu kubwa kuliko kiraka, futa vumbi, paka solusheni nyembamba, subiri ikauke mpaka isishike kidole, ndipo ubandike na kukandamiza. Vijana wengi wanabandika solusheni ikiwa mbichi, halafu wanasema viraka vya siku hizi ni feki.

Kufungua tairi usitumie bisibisi. Ndiyo inayotoboa tundu la pili. Mpini wa kijiko cha chuma kilicholainishwa ncha ni bora.

Cheni: ipime, usiikisie

Cheni haivutiki kama mpira. Kinachotokea ni pini zake kulika, kila moja kidogo, na cheni yote inakuwa ndefu. Ikishakuwa ndefu haikai vizuri kwenye meno ya friwili, inayanoa mpaka yanakuwa kama meno ya papa. Hapo ukiweka cheni mpya juu ya friwili mbovu inaruka, na unalazimika kununua vyote.

Kipimo ni rahisi. Chukua rula au tepu yenye inchi. Weka sifuri katikati ya pini moja, hesabu pini 24 kwenda mbele. Cheni mpya inatoa inchi 12 kamili. Ikifika inchi 12 na ⅛, itoe. Sasa piga hesabu ya duka la kwenu: bei ya cheni peke yake, halafu bei ya cheni, friwili na gia ya mbele kwa pamoja. Tofauti hiyo ndiyo faida ya kupima.

Kwenye kupaka, oili kidogo kwenye kila kiungo, zungusha pedeli, kisha futa ya nje yote. Vumbi la tambarare likichanganyika na oili iliyobaki nje linakuwa msasa wa maji, linasaga cheni. Oili chafu ya gari iache. Ina vumbi la chuma la injini, na si nzuri kwa ngozi yako.

Cheni ikae na ulegevu kama sentimita moja juu na chini pale katikati. Kama ina kiungo cha klipu, ule upande uliofunga ndio utangulie inakoelekea cheni, mdomo wazi ubaki nyuma. Ukigeuza, jiwe moja tu linaing'oa.

Friwili ikiteleza, yaani unakanyaga na huendi, mara nyingi ni uchafu ndani. Ioshe kwa mafuta ya taa, ikauke, tia oili nyepesi. Usijaze grisi, inanata vile vijino vya ndani.

Gololi na koni

Shika tairi kwa juu, tikisa kushoto na kulia. Ikicheza kwenye ekseli, koni imelegea. Ikaze leo. Ukiacha wiki tatu, gololi zinachimba njia yake na habu imekwisha.

Ukifungua, hesabu gololi za kila upande na uandike. Osha kwa mafuta ya taa, futa, weka grisi safi. Gololi moja ikiwa na mabaka, badilisha zote za upande huo. Mpya ikichanganywa na zilizolika, mpya ndiyo inayobeba mzigo wote. Kaza koni mpaka mchezo uishe lakini gurudumu lizunguke lenyewe kwa ulaini.

Jambo dogo linalowatesa wengi: pedeli ya kushoto ina nyuzi za kinyume. Kuifungua unazungusha kama mshale wa saa. Nimeona mikono mizima ya pedeli imeharibiwa kwa kulazimisha.

Spoki na mzigo

Baiskeli nyingi za aina hii zina spoki 32 mbele na 40 nyuma, kwa sababu nyuma ndiko mzigo unakokaa. Zipige kwa kidole kama gitaa: inayolia zito kuliko wenzake imelegea. Moja ikikatika irudishe siku hiyo hiyo, kwani wenzake wa jirani wanabeba zamu yake na wao watafuata.

Mzigo ukae chini na mbele kadiri inavyowezekana, juu ya ekseli, siyo kuning'inia nyuma ya keria. Gunia likikaa nyuma sana usukani unakuwa mwepesi na baiskeli inakutupa. Na ukishabeba mbolea ya viwandani, osha keria na rimu kwa maji kisha kausha. Chumvi ya mbolea inavuta unyevu na kutu inaanza hapo. Dawa za kuulia wadudu usizibebe pamoja na chakula wala mtoto, hata kwa safari fupi.

Breki: hapa hatubembelezani

Yote ya juu ni hela. Hili ni roho ya mtu.

Wilaya yetu ina sura mbili. Same mjini iko chini ya mita 900 kutoka usawa wa bahari, na kilele cha Shengena kinapita mita 2,400. Kati ya hapo barabara nyingi ni vumbi, mawe na kona. Tangawizi, maharage na ndizi za huko juu zinashuka kwa gari na pikipiki, lakini wapo vijana wanaojaribu kushusha gunia kwa baiskeli kwa sababu mteremko haudai mafuta.

Sikiliza. Breki ya fito inategemea raba nne ndogo zinazobana rimu ya chuma. Rimu ikilowa, nguvu ya breki inashuka sana. Ukiongeza gunia, uzito umekuwa mara mbili na raba ni zile zile. Kwenye mteremko mrefu zinapata moto na kulika haraka, na ukigundua hazishiki unakuwa tayari kwenye kona.

Kwa hiyo weka sheria ya nyumba:

1. Raba ikibaki unene wa milimita 3, inatolewa. Hakuna mjadala.
2. Oili na grisi zisiguse rimu. Zikigusa, futa kwa sabuni na maji.
3. Kabla ya safari, bana breki ya mbele na sukuma, kisha ya nyuma na sukuma. Gurudumu likizunguka, baiskeli haitoki.
4. Mvua ikinyesha, bana kidogo kidogo mapema ili kufuta maji kwenye rimu kabla hujahitaji kusimama.
5. Mteremko mkali na mzigo: shuka, tembea nayo. Dakika ishirini za kutembea ni nafuu kuliko mguu.
6. Baiskeli ya mtoto wa shule ndiyo inaanza kukaguliwa, siyo ya mwisho. Mara nyingi yeye ndiye tunayempa ile mbovu, na yeye ndiye asiyejua kuisoma.

Daftari na fundi

Fungua daftari, kila baiskeli ukurasa wake. Andika tarehe, kilichobadilishwa na bei. Baada ya msimu mmoja utaona ni ipi inakula hela bila kurudisha. Hiyo ndiyo uiuze, au uifanye vipuri kwa uamuzi, siyo kwa kung'oa kimoja kimoja mpaka linabaki fremu.

Fundi bado tunamhitaji. Rimu iliyopinda sana, fremu iliyopasuka, pini ya mkono wa pedeli iliyoganda, mpelekee yeye. Ila uende unajua tatizo, na ukae uone anavyofanya. Kulehemu fremu ya mzigo bila kuisafisha kutu kwanza ni kujidanganya, itaachia pale pale.

Jioni ya leo anza na jambo moja tu: zitoe baiskeli zote nje, zipange, ujaribu breki moja moja. Isiyoshika, iegeshe ukutani na mtu asiipande mpaka ipate raba mpya. Cheni na habu utazifikia wiki ijayo.

Kazi njema, tukutane shambani.