Kompyuta haijui lumbesa

Juzi nilikuwa Majengo, hapa Songea, nikizungumza na kijana anayejipatia riziki kwa kutengeneza programu za kompyuta. Baada ya salamu nilimwuliza: je, hii akili mnemba haitakunyang'anya kazi? Akacheka. "Mzee, inanipunguzia kuandika, lakini hainipunguzii kufikiri."

Mtambo huo, alinieleza, umelishwa maandishi mengi mno, kisha hukisia neno lipi lifuate. Majuzi aliutumia kuandika programu ya mnunuzi wa mahindi. Ukahesabu kila gunia kuwa kilo 100, kikomo kinachowekwa na sheria ya vipimo. Habari za lumbesa haukuuliza. Kijana, aliyekulia shambani, ndiye aliyeligundua kosa kabla mkulima hajapunjwa.

Hofu ya mashine si ngeni kwetu. Mwaka 1974, baada ya mradi wa kompyuta wa Hazina kwenda mrama, serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Marufuku hiyo ilikuja kuondolewa, nasi tukaanza kuwakimbilia waliokwisha kutangulia. Kwa hiyo kuifungia mlango akili mnemba si dawa.

Lakini kuisujudia nako si dawa. Kijana aliniambia kwamba tajiri wake ameanza kuuliza kwa nini amlipe mtu, wakati mashine inaandika bure. Nami namwuliza tajiri huyo: siku mashine itakapokosea mizani, nani atasimama mbele ya mkulima na kumjibu?