Faili Mpya Kwanza, ya Zamani Baadaye

Programu inapoandika faili na mfumo endeshi ukaipokea, mara nyingi data bado imo kwenye kumbukumbu ya muda, haijagusa diski. Kwa mipangilio ya kawaida, Linux yaweza kuiacha humo takribani sekunde 30. Umeme ukikatika hapo, imepotea, nayo programu haina habari.

Kupoteza maandishi mapya kunaumiza, ila kupoteza hata yale ya zamani ni balaa ambalo watunzi wa programu hujitakia: hufungua faili iliyopo, hufuta yote yaliyomo, ndipo huanza kuandika upya. Katika mwanya huo hakuna nakala yoyote iliyo salama.

Mwaka 2009, watu waliokuwa wakijaribu Ubuntu 9.04 kwenye mfumo wa faili wa ext4 walikuta faili zao za mipangilio zina baiti 0 baada ya kompyuta kuzimika ghafla. Ext4 huchelewa kuitengea data nafasi diskini, kwa hiyo taarifa kuhusu faili zilitangulia, data yenyewe ikabaki nyuma. Theodore Ts'o, msimamizi wa ext4, alieleza kwamba programu zilizoandika faili hizo hazikuwa zimeomba data ifikishwe diskini. Kwa kanuni za POSIX, kiwango cha mifumo endeshi ya jamii ya Unix, alikuwa sahihi. Hata hivyo aliandika marekebisho ya kuzikinga faili za namna hiyo, nami naona alitenda haki, kwani mwenye faili hana deni na POSIX.

Njia salama ni hii: andika faili mpya kwa jina jingine, katika saraka ileile, ita fsync, yaani ombi la kufikisha data diskini, na usiendelee mpaka ijibu kwamba imefaulu, kisha ipe faili hiyo jina la ile ya zamani. Ubadilishaji huo wa jina hufanyika kwa mkupuo mmoja, hivyo atakayeisoma atakuta ya zamani nzima au mpya nzima. Mwisho ita fsync kwa saraka yenyewe, ili jina nalo lifike diskini.

Jibu la fsync lisipuuzwe kamwe. Mwaka 2018 watunzi wa hifadhidata ya PostgreSQL walibaini kwamba kwenye Linux fsync ikishindwa, ukiiita tena yaweza kudai imefaulu ilhali data haikuandikwa. Sasa PostgreSQL ikipata kosa hilo hujizima na kujijenga upya kutoka kwenye kumbukumbu za miamala. Kwa faili ya kawaida, tupa ile nakala mpya, uanze nyingine.

Data ikiwa nyingi na inabadilika mara kwa mara, tumia hifadhidata ya SQLite. Kazi yote hii imeshafanywa humo, na imejaribiwa kwa miaka mingi.